Je, vidonge vya ATP vitaniondolea uchovu?

"Mtaalamu, naomba unisaidie. Mimi ni mwanamke wa miaka 36. Ni mwezi wa nne sasa naamka nimechoka kana kwamba sikulala kabisa. Mwenzangu ninayekimbia naye jioni ameniambia seli zangu zimeishiwa ATP, ambayo ni betri ya mwili, na kwamba nikinywa maji ya glukosi kila asubuhi na kumeza vidonge vya ATP, betri itajaa. Glukosi nimeshakunywa kwa wiki kadhaa: nachangamka kidogo, halafu nachoka kuliko mwanzo. Nikikimbia dakika 40 miguu inakuwa mizito kama si yangu, na pumzi inakata mapema kuliko zamani. Kesho yake mapaja yanauma, naye anasema hiyo ni asidi iliyoganda kwenye misuli. Nataka kuelewa tangu mwanzo: seli inaipata wapi nishati, inaiweka wapi na inaitoaje? Na je, ninunue hivyo vidonge? Sijui kama inahusiana, lakini mwaka huu hedhi yangu imekuwa nzito na ya siku nyingi."

Dada yangu, pole sana. Uchovu wa miezi minne si jambo la kupuuza, na nimefurahi kwamba hukuishia kuuliza umeze nini, umetaka kujua seli inafanyaje kazi. Jibu fupi nakupa mapema ili usisubiri: vidonge vya ATP usinunue, maji ya glukosi ya asubuhi yaache, na ile sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kana kwamba ni ya pembeni, kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Sababu zake zimo katika maelezo uliyoyaomba, kwa hiyo twende nayo taratibu.

Tuanze na hiyo betri. Mwenzako ana nia njema, na maelezo aliyokupa yamo hata katika vitabu vingi vya shule, lakini yanapotosha. Betri hukaa na nishati ikisubiri kutumika. ATP haikai. Ukikusanya ATP yote iliyomo mwilini mwa mtu mzima kwa wakati mmoja, haifiki robo kilo. Lakini kwa siku nzima mwili huohuo huvunja na kuunda upya ATP inayokaribia uzito wa mwenye mwili. Maana yake molekuli ileile inavunjwa na kurudishwa mamia ya mara kati ya asubuhi na usiku. Msuli unaokimbia kwa kasi yake yote ungemaliza ATP yake ndani ya sekunde mbili au tatu kama isingekuwa inatengenezwa upya papo hapo. Cha kuangalia, basi, ni mwendo wa kutengeneza na kutumia. Akiba ya ATP ni ndogo kwa kila mtu, mgonjwa na mzima.

Kwa hiyo maneno "seli zimeishiwa ATP" hayaelezi uchovu wako. Seli iliyoishiwa ATP kwa kweli haichoki, inakufa. Angalia kinachotokea kwenye msuli. Ndani yake kuna nyuzi za protini mbili, myosini na akitini. Myosini ina vichwa vidogo vinavyoikamata akitini, vinavuta, kisha vinaachia ili vikamate mbele zaidi. Watu wengi hudhani ATP ndiyo inayokunja msuli tu. Ukweli ni kwamba ATP ndiyo pia inayokifanya kile kichwa kiachie. Isipokuwepo, vichwa vyote hubaki vimeng'ang'ania pale vilipo, na hiyo ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo. Misuli yako inajikunja na kulegea kila unapopiga hatua. ATP ipo.

Jambo la pili la kurekebisha ni pale nishati ya ATP inapotoka. ATP ilitambuliwa mwaka 1929 na Karl Lohmann, na mwaka 1941 Fritz Lipmann akaeleza jinsi seli zinavyoitumia kuhamisha nishati. Ni molekuli ya adenosini iliyoungwa na fosfeti tatu zilizofuatana, na ikitoa fosfeti moja inabaki ADP. Tangu hapo watu wamezoea kusema nishati "imefungwa" kwenye kiungo cha fosfeti ya mwisho na hutoka kiungo kikikatika. Hapana. Kukata kiungo chochote cha kemikali kunagharimu nishati, hakuitoi. Nishati inapatikana kwa sababu ADP na fosfeti iliyochomoka, zikishazungukwa na maji, zimetulia kuliko zilivyokuwa zimebanwa pamoja huku chaji zao hasi zikisukumana. Zaidi ya hapo, seli hufanya kazi usiku na mchana kuhakikisha ATP ni nyingi mno kulinganisha na ADP, mbali sana na pale mmenyuko ungetulia wenyewe. Umbali huo ndio unaofanya kazi. Chukua ATP, iweke kwenye chupa ya maji, iache mpaka mmenyuko ufike kwenye usawa wake: bado kutakuwa na ATP kidogo humo ndani, lakini haiwezi kusukuma chochote.

Ukilielewa hilo, vidonge vinajijibu vyenyewe. ATP ina chaji hasi kadhaa, na utando wa seli umejengwa kwa mafuta ambayo hayapitishi kitu chenye chaji kama hiyo. Tena kabla haijaukaribia utando wowote, vimeng'enya vya utumbo huivua fosfeti zake moja baada ya nyingine. Kinachobaki kinavunjwa zaidi na kuishia kuwa asidi ya uriki, ambayo figo zako zitalazimika kuitoa. Na hata ingeingia yote salama, gramu ndogo ya kidonge ni nini mbele ya makumi ya kilo unazozitengeneza mwenyewe kila siku? Pesa hiyo nitakuonyesha pa kuipeleka.

Sasa nishati yenyewe. Karibu yote uliyonayo ilinaswa kwenye jani. Mwanga wa jua ukiigonga klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, elektroni moja hurushwa na kuondoka. Jani hujaza pengo hilo kwa kuchukua elektroni kutoka kwenye maji, na maji yanapopasuka oksijeni hutoka. Zamani ilidhaniwa oksijeni hiyo inatokana na hewa ya ukaa ambayo jani linaivuta. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen, wakitumia maji yenye oksijeni nzito iliyoweza kutambulika, walionyesha kwamba inatoka kwenye maji. Elektroni zile hatimaye hupachikwa kwenye hewa ya ukaa ili kutengeneza sukari. Chakula chochote unachokula, kiwe cha wanga au cha mafuta, ni elektroni zilizopandishwa juu na jua zikisubiri kushushwa.

Kushushwa huko kunafanyika hasa ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli. Kwanza glukosi inakatwa vipande viwili nje ya mitokondria, bila oksijeni, na seli inapata faida ya ATP mbili tu kwa kila molekuli. Vipande vikiingia ndani vinachambuliwa mpaka kaboni yote inatoka kama hewa ya ukaa, ile unayoipumua nje, na elektroni zake zinakabidhiwa kwenye msururu wa protini zilizozama katika utando wa ndani. Kutoka protini moja hadi nyingine elektroni zinashuka, na mwisho kabisa zinapokewa na oksijeni ambayo inageuka kuwa maji. Karibu oksijeni yote unayoivuta huishia hapo. Kwa njia hii ndefu glukosi moja hutoa ATP zipatazo 30. Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, lakini hesabu hizo zimeshapunguzwa.

Elektroni zinaposhuka zinageukaje kuwa ATP? Swali hili liliwasumbua wanakemia kwa miaka mingi. Walitafuta kemikali ya kati ambayo ingebeba nishati kutoka kwenye msururu kwenda kwenye ATP, hawakuipata. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell akasema hawaipati kwa sababu haipo. Elektroni zikishuka, alisema, protini zile hutumia nguvu hiyo kusukuma protoni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji chanya, kutoka upande mmoja wa utando kwenda upande wa pili, kama maji yanavyojazwa nyuma ya bwawa, na protoni zikirudi kupitia mlango maalumu ndipo ATP inapotengenezwa. Wengi walimpinga. Kisha mwaka 1966 André Jagendorf na Ernest Uribe wakafanya jaribio ambalo mimi hadi leo nalipenda kuliko mengi. Walichukua vipande vya kloroplasti, sehemu za jani zinazonasa mwanga, wakaviloweka kwenye kimiminika chenye asidi ili protoni zijae ndani, halafu wakavihamishia ghafla kwenye kimiminika chenye alkali. Yote hayo gizani, bila mwanga hata chembe. ATP ikatengenezwa. Tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando ilitosha peke yake. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Huo mlango ni protini inayozunguka, kwa maana halisi ya neno. Mwaka 1997 watafiti wa Japani waliipachika uzi mrefu wa protini unaong'aa, wakauona kwa hadubini uzi ukizunguka. Kila mzunguko unatoa ATP tatu. Na utando unaoiendesha si mchezo: una unene wa takriban nanomita 5 tu, lakini kati ya pande zake kuna tofauti ya volti karibu 0.15. Ukipiga hesabu ya tofauti hiyo kwa umbali mfupi hivyo, unapata nguvu ya umeme ya takriban volti milioni 30 kwa mita. Hiyo imo ndani yako sasa hivi unaposoma.

Naomba usimame nami hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapokutana na swali lako. Elektroni hazishuki hewani. Zinapita juu ya atomi za metali zilizopachikwa ndani ya zile protini, na nyingi ya atomi hizo ni chuma. Chuma hichohicho ndicho kilichomo katika himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, na katika mayoglobini inayoipokea oksijeni ndani ya msuli. Kwa hiyo mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma anaguswa mara mbili: oksijeni inamfikia kwa uchache, na njia ya elektroni yenyewe inadhoofika. Na sababu ya kawaida kabisa ya mwanamke wa umri wako kupungukiwa na chuma ni hedhi nzito.

Siwezi kukwambia kwamba ndilo lililokupata. Sijakupima. Lakini umeniambia mambo matatu yanayoelekea huko: uchovu wa miezi minne, pumzi inayokata mapema kuliko zamani, na hedhi iliyobadilika mwaka huu.

Kuhusu akiba, nitakuwa mfupi. Kwa sekunde chache za mwanzo msuli hutegemea fosfeti ya kreatini, ambayo huirudisha ADP kuwa ATP haraka sana. Baada ya hapo inakuja glikojeni, yaani glukosi zilizounganishwa pamoja: takriban gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli. Ini hugawa ya kwake kwa mwili mzima kupitia damu. Msuli haugawi, kwa sababu hauna kimeng'enya cha kuifungulia glukosi itoke nje, hivyo glikojeni ya mkono haiwezi kuusaidia mguu. Akiba kubwa ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 dhidi ya 4 za wanga, na haihitaji kuhifadhiwa pamoja na maji kama glikojeni, ambayo kila gramu yake hufuatana na gramu kama 3 za maji. Ndiyo maana hata mtu mwembamba ana mafuta ya kumtosha wiki kadhaa. Tatizo la mafuta ni kasi: hayatoi nishati kwa mwendo unaohitajika kukimbia kwa nguvu.

Wakimbiaji wa mbio ndefu hufikia mahali glikojeni inapokwisha na miguu ikagoma ghafla. Lakini hilo hutokea baada ya saa moja na nusu au mbili za kukimbia kwa bidii. Wewe unakimbia dakika 40. Ukiwa umekula kawaida, glikojeni haiwezi kuwa imekwisha, kwa hiyo uzito wa miguu yako una chanzo kingine. Hiyo ni sababu nyingine inayonifanya nisiridhike na maelezo ya betri.

Maumivu ya kesho yake nayo yamesingiziwa asidi. Ukikimbia kwa nguvu, msuli hutengeneza lakteti, ambayo ndiyo watu huiita asidi ya misuli, ni kweli, lakini ukipumzika kiwango chake hurudi kawaida ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Haigandi popote. Moyo huitumia kama kuni, na ini huigeuza kuwa glukosi tena. Maumivu yanayoanza siku ya pili na kufika kilele kati ya saa 24 na 72 yanatokana na michubuko midogo sana ya nyuzi za msuli na mwitikio wa mwili katika kuikarabati, hasa baada ya kuteremka mteremko au kufanya zoezi ambalo hujalizoea. Hayana ubaya, na hupungua msuli ukizoea.

Turudi kwenye maji ya glukosi. Damu yako yote ina takriban gramu 5 tu za glukosi wakati wowote. Ukinywa kwa mkupuo mara kadhaa ya kiasi hicho asubuhi tumboni hamna kitu, kongosho humwaga insulini kwa wingi, na kwa baadhi ya watu sukari hushuka baadaye chini kidogo ya ilipokuwa. Huenda ndiyo hali unayoielezea ya kuchangamka kisha kuzama. Kibaya zaidi, ukiwa na kisukari ambacho hakijagunduliwa, tatizo lako lingekuwa glukosi kujaa kwenye damu huku seli zikishindwa kuipokea. Kuongeza nyingine juu yake ni kujiumiza. Kama umekuwa na kiu isiyo ya kawaida, unakojoa mara nyingi au unapungua uzito bila kukusudia, pima sukari mapema, usingoje.

Najua utajiuliza kama unaweza kununua tu vidonge vya madini ya chuma ukajaribu. Kinachovutia katika njia hiyo ni kwamba vinapatikana kirahisi, na huenda ikawa kweli unavihitaji. Hata hivyo sikushauri uanze bila kipimo, kwa sababu mbili. Mwili hauna njia nzuri ya kutoa chuma kilichozidi, na wapo watu waliozaliwa na hali ya kukirundika hadi ini likaharibika. Pili, ukianza kumeza kabla ya kupimwa unavuruga majibu, na chanzo cha kupoteza damu kinabaki kimejificha. Hedhi ikibadilika ghafla ukiwa na miaka 36, inatakiwa ichunguzwe yenyewe: inaweza kuwa uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, mabadiliko ya homoni, au jambo jingine linalotibika.

Kwa hiyo pesa ya vidonge vya ATP ipeleke kwenye vipimo. Ukimwona daktari, mweleze hedhi kwanza, kabla ya uchovu: inachukua siku ngapi, unabadilisha pedi kila baada ya muda gani, kama kuna mabonge. Ikizidi siku 7, au ukilazimika kubadilisha kila saa moja au mbili, hiyo ni nyingi. Omba wingi wa damu na ferritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Lakini usiruhusu mazungumzo yaishie hapo ikiwa himoglobini ni nzuri, kwa maana akiba huisha kabla damu haijapungua. Ferritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni dalili ya wazi ya upungufu, na madaktari wengi huanza kushuku hata chini ya 30. Ukiwa na maambukizi au uvimbe mwilini ferritini hupanda na kudanganya, basi mwambie daktari kama ulikuwa unaumwa. Pamoja na hivyo pima sukari, tezi ya thairoidi na ujauzito. Zungumza pia naye kuhusu usingizi wako na kama moyo umekuwa mzito siku hizi, maana kukosa usingizi mzuri na sonona huchosha mwili kikweli, na havionekani kwenye damu.

Ikionekana kweli ni chuma, jipe subira. Majaribio ya kitabibu kwa wanawake wenye ferritini ya chini yameonyesha kwamba uchovu hupungua wakitibiwa, hata wale ambao damu yao haikuwa imepungua, ingawa si kwa kila mtu na si kwa wiki moja. Kujaza akiba huchukua miezi.

Usisubiri miadi ukipata maumivu ya kifua, ukikosa pumzi ukiwa umekaa, ukizimia, au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia iliyokolea baada ya mazoezi. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kukimbia? Usiache kabisa. Tangu utafiti wa John Holloszy kwa panya mwaka 1967 tunajua kwamba msuli unaofanyishwa kazi mara kwa mara huongeza mitokondria zake, na hakuna kidonge kinachofanya hivyo kwa uhakika kama mazoezi. Ila kwa sasa, mpaka majibu yatoke, punguza. Tembea kwa haraka au kimbia dakika 20 kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na huyo mwenzako bila kuhema, na siku ya hedhi nzito pumzika. Majibu yakitoka, niandikie namba zenyewe pamoja na kipimo kilichotumika, si neno "kawaida" peke yake.